Sakafu nyeusi si mkosi: namna ya kupanga sebule yenye taili za giza hapa Malindi

Malandilodi wa Malindi wana ugonjwa mmoja, taili za giza. Nyeusi tititi, kijivu cha makaa, kahawa iliyokolea, na zote za kung'aa mpaka ukiinama unajiona uso. Ukiwauliza mbona wakachagua hizo watakwambia zinaficha uchafu, na hapo ndipo unapojua hawa watu hawajawahi kushika deki maishani mwao. Basi mpangaji anaingia, anaweka sofa lake la kahawia, pazia la maruni, kabati jeusi la tivii, alafu analalamika mbona sebule inamtia usingizi saa sita mchana. Na kuna waliojenga wenyewe, taili zishawekwa, fundi keshalipwa keshaenda zake, ndio majuto yanaanza.

Msimamo wangu ni huu na sitauficha: usizing'oe, usizipake rangi, wala usizifunike zote kwa zulia la ukuta mpaka ukuta. Sakafu ya giza ina shida moja tu ya kweli nayo ni kwamba inakula mwanga, hayo mengine yote ni madogo. Ukishautengeneza mwanga hio sakafu ndio itakuwa kitu kizuri kuliko vyote mle ndani. Kwa hivyo tutaenda hatua kwa hatua, ila usije ukaniuliza mbona kila hatua narudi pale pale kwenye mwanga.

Hatua ya kwanza: jaribu na shuka kabla hujatoa hata shilingi

Chukua shuka nyeupe ya kitanda, saa nne saa tano asubuhi hivi jua likishachangamka, zima taa zote. Simama katikati ya sebule utazame dari. Sio ukuta, dari, hasa zile pembe za mbali na dirisha. Alafu mwambie mtu aitandaze ile shuka sakafuni karibu na dirisha ama mlango wa barazani, pale pale mwanga unapoangukia. Tazama dari tena. Utaliona limenyanyuka, zile pembe zimefunguka, na hata uso wa huyo aliyekutandazia utauona vizuri zaidi, kile kivuli cha chini ya macho na kidevu kimepungua manake sasa anapata mwanga kutoka chini. Mwambie aitoe, dari linarudi kununa.

Sababu yake ni hii. Huku kwetu jua la mchana liko utosini, haliingii ndani, na nyumba zetu zina baraza na paa lililotokeza mbele kuzuia jua na mvua. Kwa hivyo mwanga mwingi unaofika sebuleni unaingia kwa chini, unagonga sakafu kwanza, ndio unapanda kwenye dari na kutawanyika chumba kizima. Rangi nyeupe nzuri inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoigonga, taili nyeusi hairudishi hata 10. Na usidanganyike kwa sababu inametameta, ule mng'ao ni doa moja tu la dirisha linalokupiga machoni, kinachopanda darini ni kidogo. Inang'aa lakini haiangazi.

Sogezasogeza hio shuka, ukipata pale inapofanya kazi zaidi weka alama na kipande cha selotepu. Hapo ndipo mkeka ama kapeti lako litakaa. Wengi wanaweka kapeti katikati kwa kuwa ndio katikati, mwanga uko mita mbili kule mlangoni unamezwa na taili, kapeti zuri la krimu limekaa kivulini halisaidii mtu.

Hatua ya pili: dari kwanza, kuta baadaye

Dari liwe jeupe, mati, bila kung'aa. Hapa sina mjadala. Kama umeweka mbao za dari zilizopigwa vanishi ya giza na chini una taili nyeusi umejikaba juu na chini. Wenye boriti, acheni boriti zenyewe rangi yake, pakeni nyeupe zile nafasi za katikati, ndivyo nyumba za kale za Lamu zilivyo na ukiingia ndani unaona kabisa wale watu walijua wanachofanya: vyumba vyembamba, upana wake haupiti urefu wa boriti za mikoko yaani kama mita 3 au pungufu, madirisha machache, lakini kuta zimepigwa chokaa na niru, ile lipu laini ya chokaa, mpaka laini, zina vidaka, na mwanga kidogo unaoingia kutoka kiwandani, ule uwanja wa wazi wa ndani ya nyumba, unazungushwa humo ndani wote. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, watu wanatoka mbali kuja kutazama kuta hizo, sisi huku tunapaka maruni.

Wenye makuti nao. Makuti ni mazuri, yanapooza nyumba, lakini ukitazama kwa ndani ni ya giza na hayawezi kupakwa rangi, kwa hivyo makuti juu na taili nyeusi chini sebule inakuwa pango. Nyinyi kazi yote ya mwanga itabebwa na kuta na mkeka, msizifanyie ubahili hizo hatua.

Kuta chukua ofu waiti yenye joto kidogo, krimu, rangi ya maziwa, rangi ya mchanga mkavu. Nyeupe pee ile ya hospitali sikushauri kwa sababu ikisimama juu ya nyeusi inayong'aa macho yanachoka, na mchana wa Malindi tayari ni mkali wenyewe. Kijivu pia achana nacho, najua ndio fasheni kwenye simu huko, lakini kijivu juu ya nyeusi na huu unyevu wetu ukuta unaonekana tu una maji.

Vipimo ili fundi asikuzungushe: sebule ya mita 4 kwa 5 yenye urefu wa mita 2.8 kwenda juu, kuta zote ni kama mita za mraba 50, toa milango na madirisha zinabaki 42 hivi. Ukipaka mikono miwili, yaani mara mbili, ni 84. Lita moja inapaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hivyo unahitaji lita 8 na kidogo, yaani ndoo mbili za lita 4 na kopo moja la lita 1. Dari la mita 20 mikono miwili ni lita 4 nyengine. Akikwambia leta ndoo ya lita 20 kwa kuta peke yake muulize hio nyengine anakwenda kupaka kwa nani.

Alafu kuna chumvi. Pitisha kidole ukutani, kama unga mweupe unabaki kidoleni usipake kitu kwanza. Ile ni chumvi inayosukumwa nje na maji yaliyomo ndani ya ukuta, ukiifunika kwa rangi ya plastiki itavimba na kubanduka, na vile vipande vyeupe vitakuwa vinadondoka kwenye taili nyeusi kila siku vinakucheka. Tafuta maji yanatoka wapi, bomba, bafu la upande wa pili, udongo uliolundikwa nje ya ukuta, tengeneza hapo. Acha ukuta ukauke, sugua chumvi na brashi kavu, usioshe na maji manake itayeyuka irudi ndani tena. Nyumba ya mawe ya matumbawe ipake chokaa tu basi, chokaa inaacha ukuta upumue.

Na ile skatingi. Mafundi wengi hupandisha taili ile ile nyeusi ukutani nchi tatu nne, chumba kinakuwa na mstari mweusi mzunguko mzima. Kama nyumba ni yako na ndio unajenga, mwambie fundi asiweke, aweke skatingi ya mbao ipakwe rangi ya ukuta. Kama ishawekwa iache, fanicha itaficha nusu yake.

Hatua ya tatu: mkeka, na hapa usiwe na haraka

Hii ndio roho ya kazi yote. Kitu cha rangi ya mwanga kilicho chini ndicho kitakachokurudishia kile ulichoona kwa shuka. Mimi kwa huku pwani naanza na mkeka kabla ya kapeti la dukani, sio kwa sababu ya utamaduni tu, kwa sababu mkeka wa miyaa usiotiwa rangi, ile rangi yake ya majani makavu, juu ya taili nyeusi unapendeza kuliko kapeti lolote la bei mara tano yake, na haushiki joto.

Ukienda kununua usitazame upande wa juu peke yake, ugeuze. Mkeka ni ukili mrefu uliosukwa alafu ukashonwa pembeni kwa pembeni, kwa hivyo udhaifu wake uko kwenye mishono. Shika ukili mbili jirani kwa vidole, vuta taratibu, nyanyua uelekeze kwenye mwanga. Ukiona nyota nyota za mwanga kwenye mshono huo utafumuka mwaka haujaisha, watoto wakikimbia juu yake ndio kabisa. Ukili mwembamba una kazi zaidi na bei yake iko juu, lakini unalala sawa sakafuni, ukili mpana huinua kingo na kingo zikiinuka mtu anajikwaa. Nusa pia. Mkeka ulioiva jua una harufu ya nyasi kavu, ukinuka uvundo achana nao, huo umefungwa ungali na maji.

Ukubwa. Watu wananunua mkeka mdogo. Sofa la watu watatu lina urefu kama mita 2, ukiweka kimkeka cha mita moja na nusu mbele yake kinaonekana kimepotea njia. Kipimo rahisi ni hiki: miguu ya mbele ya viti vyote ikanyage mkeka, na mkeka upite sofa kushoto na kulia walau shibiri moja. Kwa sebule ya kawaida ni futi 7 kwa 10 hivi, ile 5 kwa 8 ni ya vyumba vidogo kweli. Hupati mkeka mkubwa hivyo umeshonwa tayari? Toa oda kwa kina mama wanaosuka, wape vipimo kwa kamba uliyokata mwenyewe badala ya kuwatajia futi, na wape muda. Ama tandika majamvi mawili sambamba, jamvi ni nene zaidi na halijali miguu yenye mchanga. Usiyabananishe, acha kijistari cha taili nyeusi katikati, inatoka vizuri kuliko unavyodhani.

Anayetaka zulia la makonge pia ni chaguo zuri, mkonge wenyewe unauona mashambani Vipingo ukipita barabara ya Mombasa. Rangi yake ni ya mwanga, linavumilia kukanyagwa. Ila halipendi maji, likimwagikiwa chai ama mchuzi wa nazi doa limehamia hapo, kwa hivyo kama mnakula sebuleni mnapokaa chini, na nyumba nyingi zetu ndivyo, weka makonge upande wa viti na mkeka upande wa sinia.

Yale makapeti ya manyoya marefu meupe siyataki na nitakwambia kwa nini. Mchanga. Huku mchanga unaingia na miguu, unaingia na upepo wa Kusi, unashuka mpaka kwenye mashina ya manyoya na hautoki kwa ufagio, na Masika ikifika na unyevu wake lile kapeti linaanza kunuka mbwa. Krimu yake yote ishakuwa hudhurungi na umelipia pesa nyingi.

Mambo mawili ya usalama na utunzaji. La kwanza, mkeka juu ya taili laini unateleza, na kama kuna bibi ama babu nyumbani hilo sio jambo la kucheka, weka ule mpira wa matundu matundu chini, ukate uwe mdogo kuliko mkeka usionekane. La pili, wakati wa Masika unyevu unajificha kati ya mkeka na taili, ukungu unaanzia kwenye mishono kwa vitone vyeusi vidogo. Unyanyue kila wiki, uegemeze ukutani upande wa chini ukitazama upepo, ufute na kitambaa chenye siki kidogo na maji, ukauke kivulini. Jua kali la kutwa nzima linaukausha miyaa inavunjika.

Hatua ya nne: viti

Kanuni ni moja: giza lisikae juu ya giza. Sofa la kahawia iliyokolea juu ya taili nyeusi mpaka wake hauonekani, jicho linaona bonge moja tu zito. Lakini najua hakuna anayetupa sofa zima kwa sababu ya taili, kwa hivyo tukitumia akili: ukishaweka mkeka wa rangi ya mwanga chini yake, sofa lile lile limetenganishwa na sakafu na nusu ya shida imekwisha. Nusu iliyobaki ni kitambaa. Kikoi cheupe chenye mistari kikilazwa kwenye mgongo wa sofa, mito miwili mitatu ya kitani ama pamba ya krimu. Vile vitambaa vya kushona kwa mkono vyeupe ambavyo mama zetu waliviweka kila mahali na sisi tukaviona vya kizamani, juu ya sofa la giza na sakafu ya giza vinarudi kwa kishindo, usivigawe.

Leso ya kisutu pia. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, ile nyeusi yake inaongea na taili na ile nyeupe inaongea na ukuta, shona mito miwili tu. Sio mapazia, sio kitambaa cha meza, mito miwili.

Kama ndio unanunua sasa, chukua viti vyenye miguu inayoonekana. Hewa inapita chini, ufagio unapita chini, na mende hawapati pa kufanyia mkutano. Mbao chagua za rangi ya kati ama nyepesi, mwembe ni mzuri na mafundi wa huku wanautengeneza, mvule ama mbambakofi ni mbao za kudumu vizazi lakini mwambie fundi asizipige vanishi ya giza juu yake, mafuta tu zibaki na rangi yake. Meza ya kioo juu ya taili za kung'aa naona ni mng'ao juu ya mng'ao, na kona zake kwa magoti ya watu mimi hapana.

Wanaokaa majlisi, magodoro ya chini na mito ya kuegemea, nyinyi mna bahati kuliko wote. Chumba kinabaki wazi, dari linaonekana liko juu zaidi, na kitambaa cha magodoro kikiwa cha rangi ya mwanga tayari umefunika robo tatu ya pembezoni. Ila godoro lisilazwe juu ya taili moja kwa moja, sponji inanyonya unyevu wa chini na mwili wako unatia joto juu, katikati kunaota ukungu. Chonga fremu ya mbao ya nchi tatu tu ama tandika mkeka wa kale chini, na uyasimamishe magodoro mara moja kwa wiki.

Hatua ya tano: mapazia

Mepesi na meupe. Neti ama pamba nyepesi, yaning'inie kutoka karibu na dari na sio kutoka juu ya fremu ya dirisha, yashuke mpaka yakaribie sakafu yaache nafasi ya vidole viwili yasifagie mchanga. Fimbo ya chuma karibu na bahari itapata kutu na kutu itashukia pazia jeupe, chukua ya mbao ama alumini. Maruni mpe landilodi.

Kitu kimoja kuhusu jua la asubuhi kwa nyumba zinazotazama bahari: taili nyeusi ikipigwa na jua moja kwa moja inachemka, mtoto anayetambaa atakuonyesha. Pazia la neti linatosha kuyavunja yale makali bila kuzima mwanga.

Hatua ya sita: taa za usiku

Mchana umetengenezwa, usiku ni habari nyengine kwa sababu taili za kung'aa zinakuonyesha kila balbu mara mbili, ya juu na ya chini. Kile kitu kinachokuumiza macho usiku ni balbu iliyo uchi katikati ya dari, nyeupe ya bluu, inajiona sakafuni. Kwenye boksi la balbu kuna namba ya K. 6500K ndio hio ya bluu, peleka dukani kwako sio sebuleni. Chukua 2700K ama 3000K, ni ya manjano ya joto, kuta za krimu zinaipenda.

Alafu badala ya taa moja kali weka tatu ndogo. Moja ielekee ukutani ama darini, ili mwanga ufike kwako ushalainishwa na rangi nyeupe. Moja ya mezani yenye kofia ya kitambaa ama ya ukili uliosukwa, pembe ya mbali. Moja karibu na pale mtu anaposoma ama anaposhona. Kivuli cha kofia ya ukili kinavyochanika chanika ukutani ni pambo tosha, picha hauhitaji upande huo. Na panga boi liwe jeupe tafadhali, zile za kahawia zinaning'inia kama popo katikati ya dari ulilolihangaikia.

Hatua ya saba: vitu vidogo

Kioo kikubwa kiweke ukuta ulio mkabala ama ubavuni mwa dirisha, kisitazame sakafu tupu manake kitakuzidishia nyeusi. Chagua chenye fremu inayoziba kingo vizuri, hewa ya bahari hula mgongo wa kioo kuanzia pembeni.

Shaba inapendeza mno juu ya giza, sinia la shaba la bibi likisimamishwa ukutani linarudisha mwanga wa jioni. Chetezo cha udi usikiweke juu ya taili moja kwa moja, kaa la moto juu ya taili baridi linaweza kuipasua, na kubadilisha taili moja katikati ya sebule ni balaa, hio rangi hutaipata tena dukani. Tia chini yake kisahani ama kibao. Vyungu vya maua vivyo hivyo, maji yetu mengi ya kisima yana chumvi, yanaacha duara jeupe chini ya chungu. Weka kisahani.

Basi. Sebule hii haitaki vitu vingi. Kila kitu cha rangi ya mwanga ukikiweka juu ya nyeusi kinaonekana mara mbili, kwa hivyo ukijaza ni vurugu kabla hujafika nusu.

Hatua ya nane: deki, manake hizi taili hazifichi chochote

Vumbi, nyayo, tone la maji, nywele, yote yanaonekana. Kinachozichafua zaidi lakini ni sabuni. Watu wanamwaga sabuni nyingi ya unga kwenye ndoo, haisuuziki, inakauka kuwa utando wa kijivu, kesho wanaongeza sabuni kuuondoa. Fanya hivi: zoa mchanga kwanza na ufagio laini, kwa sababu ukipiga deki juu ya mchanga unaikwaruza taili, na mikwaruzo kwenye nyeusi haitoki. Ndoo ya maji na tone dogo tu la sabuni ya vyombo. Pitisha deki iliyokamuliwa. Ndoo ya pili maji matupu, pitisha tena. Alafu, na hii ndio watu wanairuka, kausha na kitambaa kikavu kabla hewa haijakausha yenyewe, ukiacha maji yetu yakauke peke yake yanaacha chokaa.

Yale madoa meupe ya maji ya chumvi, siki nyeupe nusu kikombe kwenye ndoo ya maji itayatoa kwa taili za kawaida za kauri, usiifanye kila siku manake inakula grauti, ule ujazo wa kati ya taili, polepole, na usiitumie kabisa kwenye marumaru, teraso ama sakafu ya saruji, itaivuruga. Na siki na jiki visikutane ndoo moja wala sakafu moja kwa wakati mmoja, moshi wake ni sumu, mwambie na dada anayekusaidia nyumbani.

Grauti nyeupe kati ya taili nyeusi ukiikuta usipigane nayo kwa mswaki kila Jumamosi, mwambie fundi aikwangue juu juu aijaze ya kijivu cha giza, ni kazi ya siku moja na mistari ya gridi inapotea, sakafu inakuwa kitu kimoja. Mlangoni weka vitambaa viwili vya kufutia miguu, cha makumbi nje na cha pamba ndani, na ndoo ndogo ya maji kwa wanaotoka ufuoni. Anayekataa kunawa miguu akae barazani aletewe kahawa huko huko.